Maumivu ya kisigino: niliambiwa wiki kumi na mbili, nikachagua sindano

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioamka salama na mlioamka mkichechemea.

Ninayoandika hapa yamenipata mwenyewe. Sijasimuliwa, na sijaongeza chumvi, maana iliyopo inatosha kuwasha kidonda. Majina ya watu nimebadilisha, kwa sababu Amu, Lamu kama wengi mnavyoiita, ni mji mdogo na kila ukuta una binamu yake.

Kilichonitoa kimya ni maswali ninayoyaona humu. Mtu anauliza, "Nyuma ya kisigino panauma miezi sasa, nikadungwe sindano?" Chini yake majibu kumi: "Dungwa tu mkuu, kesho unaruka kamba."

Mimi niliruka. Someni nilikoangukia.

Nafanya kazi reception kwenye nyumba moja ya wageni kule Shela. Muda unaobaki naandika riwaya ambayo haitaki kuisha. Nyumbani ni Amu mjini, kwa hiyo siku sita kwa wiki nilikuwa nikienda Shela na kurudi kwa miguu, kwa ufuoni, maji yakiwa yametoka, nikiwa na ndara.

Mchanga unaonekana mpole. Lakini kila hatua kisigino kinazama, na ule mshipa mnene wa nyuma unavutwa. Unavutwa mara elfu kabla hujafika kazini kusema "welcome".

Hiyo ni nusu ya mzigo wangu. Nusu ya pili ni Baba.

Baba alikuwa fundi mwashi. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimchukua upande wa kushoto. Kichwa kilibaki kizima, ulimi ulibaki mzima, na kwa ulimi wake nadhani uliongezeka. Lakini mguu ulikataa.

Sisi tunakaa ghorofani. Chini ni fungu la shangazi yangu katika urithi, na amelipangisha duka la unga. Kutoka kitanda cha Baba hadi mlango wa barabarani kuna ngazi ya vidaraja ishirini na viwili vya mawe, vyembamba, vina kona moja katikati, na kila kimoja kirefu kupita haki. Alivijenga yeye mwenyewe akiwa kijana. Alikuwa akijisifu kwamba mwizi akipanda ngazi ile atafika juu ameshatubu.

Tangu augue, kitu kimoja tu kilimtoa nje: sala ya Ijumaa.

Saa tano asubuhi namwogesha. Namvisha kanzu. Nachuchumaa mbele ya kitanda, dada yangu anamfunga mgongoni kwangu kwa leso, kama mtoto, kisha tunashuka. Gari haliingii vichochoro vyetu na kiti cha magurudumu hakishuki ngazi ile. Msikiti uko hatua kama sitini kutoka mlangoni, hivyo nilikuwa nambeba mpaka ndani, namkalisha kwenye kiti safu ya nyuma, na baadaye tunarudi vilevile.

Tukitokeza mlangoni, wazee wa barazani wanamwamkia. "Fundi! Washuka?"

"Nashushwa," anajibu. "Kushuka nilishuka zamani."

Na akiwa mgongoni, midomo iko karibu na sikio langu, anakagua mji. Ukuta huu umepasuka. Huyu aliyepaka hapa alitia mchanga wa bahari, utaona chumvi itakavyomtoa ukoko. Simama kidogo. Haya, twende. Hatua sitini tulikuwa tukizitumia robo saa.

Jumamosi alikuwa akiihadithia Ijumaa iliyopita. Jumatano alikuwa ameanza kuuliza kama kanzu imepigwa pasi. Naomba mlielewe hili, wakuu, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka hapo. Mzee huyu hakuwa na sinema, hakuwa na simu ya kuperuzi. Alikuwa na Ijumaa.

Sasa kisigino.

Kilianza kwa ukaidi wa asubuhi. Naamka, hatua tano za kwanza natembea kama bata aliyekanyaga msumari, kisha kinapata moto na kunyamaza. Nikasema ni uchovu. Baada ya mwezi hatua tano zikawa hamsini. Baada ya miezi miwili kikawa kinauma hata nimekaa, na ukikishika nyuma, juu kidogo ya kisigino, unakuta uvimbe mgumu, kama kokwa ya tende iliyosahaulika chini ya ngozi.

Nikaenda hospitali. Nashukuru nilianza pale. Nasikitika sikuishia pale.

Nikapelekwa kwa physio, dada wa bara, nitamwita Bi Mwende. Alinilaza kifudifudi, akanibinya shavu la mguu, akaniambia nisimame kwa vidole vya mguu mmoja. Sikuweza.

"Sasa skiza," akasema. "Hapa kwenu kila kitu ni mshipa. Hii si mshipa, ni ukano. Ni kama kamba inashikanisha nyama ya mguu na mfupa ya kisigino. Yako imechoka, lakini haijakatika. Hii hatupasui. Hii tunaifundisha kazi upya."

Dawa yake ilikuwa hivi. Nisimame kwenye ukingo wa ngazi, visigino vikiwa hewani. Nijiinue kwa miguu yote miwili. Kisha nihamishie uzito kwenye mguu mbovu na kushuka nao polepole, polepole mno, mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara kumi na tano, nipumzike, nirudie, nirudie tena. Asubuhi na jioni. Niache ndara, nivae viatu vyenye kisigino kilichoinuka kidogo. Mchangani nisipite, nipande boti kwenda Shela. Barafu pakiwaka, vidonge vya maumivu kwa kipimo.

"Itauma ukifanya," akasema. "Maumivu kidogo ni sawa, mradi kesho yake isizidi. Na mtu asikukande hapo kwa nguvu. Na sindano ya kupoza maumivu, usikubali mtu akudunge kwenye hiyo kamba. Unaskia?"

Nikasema nasikia.

"Kitu nzito unabeba?"

Nikamwambia kuhusu Baba. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Wiki kumi na mbili usimbebe. Tafuta mtu mwingine."

Yeye alisema wiki kumi na mbili. Mimi nilisikia Ijumaa kumi na mbili.

Nilimfikishia Baba habari hiyo jioni ileile. Nikamwambia binamu yangu Shee, ambaye ana mgongo wa kubebea jahazi, amekubali kuja kila Ijumaa kwa moyo mweupe.

Baba akaniangalia.

"Shee amezoea magunia ya simiti," akasema. "Mimi si gunia. Mimi nitashushwa na mwanangu au na jeneza."

"Ni wiki chache tu, Baba."

"Basi wiki chache tu nitasali hapa."

Ijumaa ya kwanza alisali kitandani. Adhana ikapita dirishani, na yeye akageuzia uso wake ukutani. Mchana wote hakusema neno. Mkinijua, na mkimjua, mngejua kwamba kimya cha mtu yule kilikuwa kizito kuliko mwili wake.

Mimi nikaanza mazoezi. Na hapa, wakuu, ndipo penye kosa ambalo nadhani ni sisi watu wa Amu tu tunaloweza kulifanya kwa ufasaha.

Ngazi ya ndani ina giza, na ukuta wake hauna pa kushika. Kwa hiyo nikawa nafanyia mazoezi yangu mlangoni, kwenye ukingo wa daka, ile sebule ndogo ya nje yenye viti vya mawe pande mbili, inayotazama kichochoro. Asubuhi na jioni, nimeshika boriti, nainuka, nashuka.

Kichochoro kizima kikapata burudani.

"Faraji!" alinipigia kelele Bwana Kombo, jirani wa mbele. "Siku kumi wapanda kidaraja kimoya, hata yuu hujafika! Ni nauli imekwisha?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini kesho yake nilifanya mara kumi badala ya kumi na tano. Kesho kutwa nikangoja kwanza baraza iwe tupu, na baraza ya Amu haiwi tupu.

Kisha habari ikaenea kuwa mtoto wa fundi ni mgonjwa. Mnajua mila yetu. Mgonjwa hutazamwa. Na anayekuja kumtazama mgonjwa haji mikono mitupu, anakuja na dawa. Na dawa ya mgeni haikataliwi, maana kumkataa ni kumwambia mkono wake hauna baraka.

Wa kwanza alikuwa shangazi, Bi Zuhura, mwenye lile fungu la chini. Alikuja na chupa ya mafuta ya simsim yaliyochemshwa na kitunguu saumu.

"Leta mguu."

"Shangazi, physio amesema nisikandwe."

"Nani?"

"Daktari wa viungo, kule hospitali."

"Ana watoto wangapi?"

Nikasema sijui.

"Mimi nimekanda watoto wa nti hii kabla hajazaliwa mamake. Mshipa umepanda huu. Mshipa ukipanda hauambiwi maneno, hukandwa hata ushuke. Leta mguu!"

Nikaleta mguu. Alitia vidole gumba viwili kwenye ile kokwa ya tende na kuisaga, mimi nikiuma kikoi changu. Alipomaliza alijifuta mikono, akasema, "Umeona? Umelainika." Kilicholainika ni mimi.

Akaja rafiki wa Baba na tangawizi ya kubandika. Akaja jirani kuniumika, akaniwekea vikombe akatoa damu. Akaja mwingine na mafuta ya mnyama ambaye hakutaka kumtaja. Kila mmoja nilimshukuru. Kila mmoja alinikanda juu ya alipokanda mwenzake. Ukano ulioambiwa uachwe ufundishwe kazi ukawa kama chapati, kila apitaye anaukanda.

Nisimlaumu mtu. Walikuja kwa mapenzi, na mapenzi yao nayajua. Ila kati ya mikono yote iliyonishika, mkono mmoja tu ndio uliosoma mguu wangu, na huo ndio nilioukatalia.

Wiki ya nne nilirudi kwa Bi Mwende. Uvimbe ulikuwa umezidi. Akaniuliza, "Unafanya exercise?"

"Nafanya."

"Kila siku?"

Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mtu pekee aliyekuwa hana sababu ya kunidanganya. Akaniambia tuanze kuhesabu upya.

Kuanza upya, wakuu. Baba alikuwa ameshasali kitandani Ijumaa nne. Alikuwa ameacha kuuliza kuhusu kanzu. Watu msikitini walinishika mkono wakaniuliza, "Mzee hatumuoni, kulikoni?" na macho yao yakawa yanashuka kwenye miguu yangu, kijana wa miaka ishirini na saba, anayetembea mwenyewe kuja kusali na babake yuko ndani.

Hapo ndipo nikaambiwa kuna mtu.

Kuna mtu daima. Huyu ana chumba cha dawa nyuma ya nyumba, hana kibao nje, ila wateja anao. Wacheza mpira wanamjua. Sitasema ni wapi. Nilikwenda Alhamisi. Hakunilaza, hakunibinya, hakuniambia nisimame kwa vidole. Aliuliza, "Ni hapa?" Nikasema ni hapo. Akadunga palepale.

Nitawaambia ukweli kama nilivyoahidi. Ilifanya kazi.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka nikaweka mguu sakafuni nikingoja yale maumivu yangu, hayakuja. Kisigino kilinyamaza kama msikiti baada ya watu kutoka. Nilitembea chumbani kwenda na kurudi. Nikaenda kwa Baba, nikachuchumaa mbele ya kitanda chake, nikampa mgongo.

Halafu nikasikia akimwita dada yangu, sauti imepanda: "Kanzu! Kanzu iko wapi? Hamuna adabu nyie, hata pasi haijapigwa!"

Ijumaa ile tulitembea hatua zetu sitini kwa nusu saa. Alisimamisha msafara kila penye ufa. Bwana Kombo akasema, "Fundi, tulikuwa twataka kukusalia ghaibu, kama maiti wa mbali." Baba akajibu, "Ungetangulia wewe, mimi nikaja kukujengea kaburi."

Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuiandika, na kuandika ndiyo kazi ninayodai kuijua.

Mazoezi nikaacha kabisa. Viatu vya kisigino nikaweka chini ya kitanda. Shela nikarudi kwa mchanga na ndara, maana boti ya nini kwa mtu mzima? Baada ya wiki mbili maumivu yalipoanza kunong'ona nikarudi kwa yule mtu, akanidunga tena. Nikabeba tena.

Sikujua kitu kimoja, na Bi Mwende baadaye alinieleza bila kupandisha sauti. Ile sindano hainenepeshi kamba. Inaziba mdomo wa kamba isilie. Kamba inaendelea kukatika uzi mmoja mmoja, na dawa yenyewe inaweza kuizidishia udhaifu, na wewe mwenye mguu hujui, kwa sababu aliyekuwa akikuonya umemnyamazisha.

Ijumaa ya nne baada ya sindano ya kwanza tulikuwa tunashuka. Tumepita ile kona ya katikati. Baba alikuwa akinung'unikia muuza unga wa chini, kwamba ameegemeza magunia kwenye ukuta wake.

Nikahisi mtu amenipiga na rungu nyuma ya mguu. Nilisikia na mlio, pah, kama ufito mkavu umevunjwa gotini. Naapa niligeuka kuangalia nani amenipiga. Nyuma yangu kulikuwa na ngazi tupu, na mgongoni kwangu kulikuwa na Baba.

Mguu haukuwepo. Ulikuwepo, lakini nilipoukanyagia haukujibu.

Tulianguka vidaraja tisa.

Nilijaribu nianguke chini ili yeye awe juu yangu. Nilifaulu karibu kote. Lakini yeye, kwa ile silika ya mwashi aliyeshika kuta maisha yake yote, alinyoosha mkono wa kulia ashike ukuta. Mkono wa kulia, wakuu. Ule mzima. Ule aliolia chakula, aliovutia tasbihi, aliotuonyeshea nyufa za mji.

Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili.

Shee na wenzake walitubeba wote wawili, mmoja nyuma ya mwenziwe, mpaka hospitali. Baba hakulalamika kubebwa. Hakuwa na mkono wa kukatalia.

Mimi niliambiwa ukano umekatika, ila ncha zake ziko karibu, unaweza kuungana bila kupasuliwa. Nikavalishwa buti gumu lenye vipande vya kuinua kisigino ndani yake, kila baada ya muda kinatolewa kimoja, mguu unashuka kidogo kidogo. Nikatembea na magongo. Na baada ya buti, nadhani mnajua kilichofuata. Ukingo wa ngazi. Inuka kwa miwili, mwanzo kwa kushikilia, kisha shuka polepole. Tiba ileile niliyoikimbia ilikuwa imeningoja palepale, na safari hii ikanitaka miezi mingi badala ya wiki kumi na mbili.

Bi Mwende hakunisema. Aliangalia kadi yangu, akaniangalia, akasema, "Haya, tuanze." Ningependa angenitukana.

Safari hii nilifanya yote. Mlangoni, mchana kweupe, mbele ya baraza. Bwana Kombo alipita akinitazama, hakufanya mzaha wowote, na hilo nalo liliniuma. Shangazi alipokuja na chupa yake nilimbusu mkono, nikamwomba anisomee dua tu. Alikasirika siku mbili, kisha akarudi na maandazi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Siku mbili za hasira ya shangazi ndizo nilizozikwepa.

Na Baba?

Watu walikuja kumtazama, makundi kwa makundi. Wote waliuliza ilikuwaje. Mimi nilikaa pembeni na buti langu nikingoja aseme. Alikuwa anajua kuhusu sindano, dada yangu alimwambia hospitalini.

Akawaambia wote neno moja: "Ngazi mbaya. Vidaraja nilivipandisha mno. Niliijenga vibaya."

Mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba jiwe lake moja limekaa upande, alikana ngazi yake mbele ya mji mzima, mgeni baada ya mgeni, ili pasiwe na anayeniangalia mimi. Nilisikiliza. Sikuwa na ujasiri wa kumkatiza hata mara moja. Ndiyo maana naandika hapa ambapo hamnijui.

Ngazi ni nzuri, wakuu. Haina kosa.

Sasa ni miezi kumi na moja. Naweza kusimama kwa vidole vya mguu mbovu mara ishirini mfululizo. Bi Mwende ameniruhusu kubeba, akasema nianze taratibu. Mkono wa Baba umeunga kwa kupinda, vidole havifumbi, dada yangu anamlisha.

Ninayotaka mchukue ni haya. Nyuma ya kisigino pakiuma zaidi ya wiki chache, nenda hospitali ukaangaliwe, maana si kila kisigino ni kama changu. Ukipewa mazoezi, fanya yote, hata kama mtaa mzima unacheka, na usimdanganye anayekutibu. Vaa kiatu. Anayekuja na mafuta mshukuru, mpe chai, mguu wako ufiche chini ya kikoi. Na mtu yeyote anayekuahidi kesho asubuhi kwa sindano ya pale nyuma, muulize kesho kutwa itakuwaje.

Ijumaa mbili zilizopita nilienda kwa Baba saa tano. Nilikuwa nimeipiga pasi kanzu mwenyewe. Nikachuchumaa mbele ya kitanda, nikampa mgongo, nikangoja.

Nilingoja mpaka mapaja yakatetemeka.

"Inuka, mwanangu," akasema. Hakuwa na hasira, wala hakugeukia ukuta. "Mimi hapa nishazoea."

Ijumaa iliyofuata nilijaribu tena, jibu likawa lilelile, kwa sauti ileile ya upole ambayo siijui ilikotoka.

Kwa hiyo nawauliza nyie mliopitia. Ya visigino tuyajadili, nitajibu kila mtu kwa ninachokijua. Lakini kama yupo humu ambaye mzee wake aliacha kutaka kutoka, na akamrudishia hamu hiyo, naomba aniandikie alianza kwa neno gani. Kesho ni Alhamisi, na kesho kutwa ni Ijumaa tena.